Kilichobaki Katika Mia

Projestus Kamugisha hakuwahi kuweza kukaa kitini bila kutikisa goti. Kanisani, mkewe Benedicta alikuwa akimwekea mkono juu ya paja taratibu, bila kumtazama, na goti lilitulia mpaka mkono ule ulipoondoka. Ofisini hapakuwa na wa kumwekea mkono. Mwaka ule wa 1955, makarani wenzake walimzoea vile vile walivyouzoea mlio wa panka la dari.

Alikuwa karani wa leja katika kampuni kubwa ya kemikali, yenye viwanda Uingereza, makao makuu ya Afrika Mashariki Nairobi, na matawi Mombasa na Dar es Salaam. Tawi la Dar es Salaam lilikuwa kando ya Barabara ya Pugu, upande wa Chang'ombe. Mbele kulikuwa na ofisi iliyopakwa chokaa, na nyuma yake banda refu la bati. Kampuni iliuza dawa ya kuogeshea ng'ombe, tindikali na klorini ya kusafishia maji, lakini bidhaa iliyotoka kuliko zote ilikuwa kostiki, ile inayopikiwa sabuni. Ilifika bandarini kwenye mapipa makubwa ya chuma, imeganda kama jiwe. Wanaume thelathini na wawili waliyapasua mapipa hayo kwa shoka, wakaivunja kostiki kwa nyundo na kuitia kwenye mikebe midogo ya kuwauzia wapika sabuni wa mjini na wa bara. Kibanzi kimoja kikiruka na kutua penye jasho kiliunguza ngozi mpaka nyama. Wavunjaji wote walikuwa na mabaka meupe kwenye mikono, na wawili kati yao walikuwa na jicho moja moja.

Nyapara wa banda alikuwa Mwinjuma, mtu mzima wa hapo hapo Temeke. Nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na baba yake ndiyo aliyokuwa akipangisha, na Projestus na Benedicta walikodi vyumba viwili vya upande wa kulia. Kwa hiyo Projestus alimwona Mwinjuma kazini, akamwona nyumbani, na kila asubuhi alimpa shikamoo yake kabla ya kupanda baiskeli. Walikuwa wanaelewana. Projestus alipofika kutoka Bukoba hajui hata soko liko wapi, Mwinjuma ndiye aliyemtembeza.

Jumatatu moja mwezi wa Machi, meneja, Bwana Lattimer, aliwakusanya watu wa banda uani, akasimama kwenye ngazi ya ofisi. Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba banda linaharibika. Mwaka juzi, katika kila shilingi mia za mauzo, kampuni ilibakiwa na kumi na moja. Mwaka jana ilibakiwa na tano. Mkono wao umelegea. Ikifika Juni bila mabadiliko banda litafungwa, na mikebe italetwa tayari kutoka Mombasa. Kuhusu glavu mpya na maziwa ya mchana waliyokuwa wameomba, hayo yasizungumzwe tena.

Jioni ile, jua bado liko juu ya minazi, Mwinjuma alimngoja Projestus barazani.

"Karani," alisema, "hebu keti. Ile mia ni mia gani?"

Projestus aliegesha baiskeli ukutani, akaketi. "Ni mia ya mauzo, mzee. Katika kila mia wanayopokea."

"Na hiyo tano imebaki baada ya nini?"

"Baada ya gharama."

"Gharama zipi? Maana mie mwaka jana nimetoa mikebe mingi kuliko mwaka juzi, na watu ni wale wale. Nimehesabu mwenyewe kwa chaki. Sasa mkono umelegea wapi?"

Projestus alikuwa amesoma mpaka darasa la kumi kwa mapadri, alijua kuandika leja bila kufuta hata mara moja, na kila siku alizitia namba mahali pake. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza zile namba, zikishajumlishwa, zinasema nini. Angeweza kusema hivyo. Badala yake alitikisa goti, akasema, "Nitakuangalizia."

Kesho yake mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua leja ya kostiki. Akachukua ukurasa wa mauzo, akachukua ukurasa wa manunuzi ambao ndani yake mlikuwa na bei ya kiwandani, nauli ya meli na ushuru wa forodha. Akagawanya. Katika kila mia ya mauzo, sitini na mbili zilikuwa za manunuzi. Akatoa. Ikabaki thelathini na nane.

Alirudia hesabu mara tatu. Thelathini na nane, na meneja alikuwa amesema tano. Alijiona kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho miaka minne alikuwa akipita nje yake. Jioni hakungoja hata kunawa. Alimwita Mwinjuma nyuma ya nyumba, karibu na kisima, akamwambia, "Si tano, mzee. Ni thelathini na nane."

"Una hakika?"

"Nimepiga mara tatu."

"Sitasema nimeipata kwako," Mwinjuma akasema. "Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Ijumaa, Mwinjuma na wazee wengine wawili wa banda waliomba kuonana na meneja. Meza ya Projestus ilikuwa hatua nane kutoka mlango wa Bwana Lattimer, na kwa sababu ya joto mlango ulikuwa wazi. Alisikia kila neno.

Mwinjuma alizungumza vizuri, kwa adabu. Alisema watu wameunguzwa, wanaomba glavu na maziwa na shilingi mbili juu ya mshahara wa wiki. Akasema wanajua kampuni inabakiwa na thelathini na nane katika kila mia, kwa hiyo yanawezekana.

Bwana Lattimer akacheka, kicheko kifupi tu.

"Nani aliyewapa hesabu hii?"

"Hesabu ni ya watu, bwana."

"Basi mwambie mtu wako arudi shule. Thelathini na nane ni kabla sijakulipa wewe. Mshahara wako nautoa wapi, mbinguni? Malori yanakunywa maji? Bati hili, umeme huu, yule mhasibu Anselmo pale, wote wanakaa bure?" Sauti yake haikupanda, na ndivyo ilivyoumiza zaidi. "Toa vyote hivyo, utapata tano. Mmekuja hapa kudai kitu msichokijua."

Wale wazee wawili walitazama chini.

"Wewe ndiye nyapara," meneja akaendelea. "Kuna mtu anatoa vitabu vya kampuni nje. Nitajie jina lake, urudi bandani sasa hivi. Usipolitaja, kaa nyumbani bila mshahara mpaka ulikumbuke."

Ilimtosha Projestus kusimama tu, atembee hatua nane. Hakusimama. Mwinjuma alipita mbele ya meza yake akitoka, hakugeuza shingo, na kofia yake ilikuwa mkononi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zote alizowahi kuziishi. Kila asubuhi alipotoka na baiskeli alimkuta Mwinjuma barazani, amevaa shati safi, hana pa kwenda. Alimwamkia. Mwinjuma aliitikia "marahaba" ile ile ya siku zote, wala hakuongeza wala kupunguza. Tunu, mke wa Mwinjuma, ndiye aliyebadilika. Awali alikuwa akimpelekea Benedicta bakuli la mchuzi wa samaki, naye akipokea ndizi za kupika. Sasa alipita uani kama watu wa upande wa kulia hawapo.

"Umemfanya nini mwenye nyumba?" Benedicta aliuliza siku ya tatu.

Projestus alimweleza yote. Benedicta alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba.

"Kwa hiyo anajua kwamba ni wewe, na meneja hajui."

"Ndiyo."

"Na wewe unalala."

"Silali."

"Unalala, Projesti. Unageuka geuka, lakini unalala."

Alitoka nje, akatembea mpaka Mtoni na kurudi, bila sababu. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia na hewa ilikuwa nzito. Kilichomsumbua zaidi ya woga ni kwamba hakujua alikosea wapi hasa. Meneja alisema kweli: mishahara na malori vilikuwa vya kutolewa. Lakini Mwinjuma naye alisema kweli, maana mikebe iliongezeka na watu ni wale wale. Kweli mbili haziwezi kuzaa kumi na moja mwaka mmoja na tano mwaka wa pili. Kuna kitu katikati yake hakukiona.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Bwana Anselmo, Mgoa wa miaka hamsini na kitu, alikuwa mhasibu mkuu wa tawi. Alivaa tai hata Jumamosi, na mchana alikula wali wake peke yake kwenye meza yake, kitambaa kimetandikwa. Projestus alimfuata akiwa anakunja kitambaa hicho.

"Bwana Anselmo, nataka unifundishe faida inahesabiwaje."

Anselmo alimtazama juu ya miwani. "Kwa nini leo?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyesema thelathini na nane."

Mzee akafunga mlango wa kabati uliokuwa wazi, kama vile kabati lingesikia, akavuta karatasi.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Keti. Na hilo goti likae nje."

Akachora mstari kutoka juu mpaka chini. "Kostiki imeuzwa, tumepokea mia. Tumeinunua na kuileta kwa sitini na mbili. Wewe ukaishia hapo. Hiyo ni faida ya dukani tu, ya mtu anayenunua hapa na kuuza pale bila kuajiri hata paka. Sisi tuna banda. Mishahara ya banda, kumi na moja. Malori, sita. Bati, umeme, mikebe, matengenezo, tano. Ofisi, yaani meneja, mimi na wewe, nne. Jumlisha."

"Ishirini na sita."

"Toa kwenye thelathini na nane."

"Kumi na mbili."

"Hiyo ndiyo faida ya uendeshaji. Kazi yenyewe, baada ya kujilisha, imebakisha nini. Kodi ya serikali bado, riba ya benki bado. Ukitaka kujua kama watu wanafanya kazi vizuri au vibaya, tazama hapo."

Projestus aliitazama karatasi. "Lakini meneja alisema tano."

Anselmo aliondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Fungua leja ya mwisho. Ukurasa wa mia mbili na tatu. Mwandiko ni wako."

Ulikuwa wake kweli. *Mchango wa makao makuu.* Aliuandika mwenyewe kila mwezi kutoka kwenye barua ya Nairobi, bila kuuliza. Mwaka juzi, kwa kila mia ya mauzo, ulikuwa shilingi moja. Mwaka jana ulikuwa saba.

"Saba zinanunua nini?" aliuliza.

"Wamejenga matangi mapya Mombasa, na jengo la ofisi Nairobi lenye lifti. Si wizi, usije ukasema wizi. Makao makuu lazima yalishwe na matawi. Lakini mwaka jana walisahau kugawa sawa. Au hawakusahau. Tawi letu linauza kidogo kuliko Mombasa na limebebeshwa kuliko Mombasa."

"Kwa hiyo banda limebakisha kumi na mbili mwaka jana."

"Na kumi na mbili mwaka juzi. Halikusogea hata senti."

"Na wewe ulijua."

Anselmo alivaa miwani. "Nina binti wawili shuleni, Projestus. Nilijua, na nikaandika barua Nairobi mwezi wa Januari. Sijajibiwa. Sikuandika ya pili."

Jumamosi mchana Projestus aliendesha baiskeli mpaka Kinondoni. Alikuwa amesikia kwa Benedicta kwamba Mwinjuma, badala ya kukaa barazani, alikwenda kumsaidia mdogo wake Nassibu kuezeka nyumba. Aliwakuta huko, kwenye kiwanja chenye mikorosho. Nassibu alikuwa chini anapanga makuti, Mwinjuma alikuwa juu ya paa anafunga, ametanua miguu juu ya fito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Hilo nilishaambiwa na Mzungu," Mwinjuma alisema kutoka juu. "Tena mbele ya wenzangu."

Nassibu alichukua ndoo, akasema anakwenda kuchota maji. Projestus alibaki amesimama juani, shingo ameiinua, akamweleza Mwinjuma yote aliyofundishwa. Alikwenda polepole. Alichora mchangani kwa kijiti: sitini na mbili, kisha kumi na moja, sita, tano, nne, na mbali kidogo, peke yake, saba. Mwinjuma alishuka ngazi ili aone. Aliinama juu ya mchanga, mikono yake yenye mabaka meupe juu ya magoti.

"Hii kumi na moja ndiyo sie?"

"Ndiyo. Watu wote wa banda."

"Watu thelathini na wawili, kumi na moja. Na hiyo saba ni lifti."

"Lifti na matangi."

Mwinjuma alikaa kitako pale pale. "Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si kusimamishwa. Kazi nitapata, hata bandarini wananijua. Kilichoniuma ni kwamba uliniambia kwa uhakika. Nilikuuliza, una hakika? Ukasema umepiga mara tatu. Ungesema, mzee, nimeona namba lakini sijaielewa vizuri, ningengoja. Ningekungoja hata mwezi."

"Niliona haya kusema sijui."

"Sasa haya yako nimeivaa mie."

Kwenye kiwanja cha jirani kuku walikuwa wakiparua, na mwanamke mmoja aliita mtu aje kula.

"Nataka niende kwa meneja nijitaje," Projestus alisema.

"Ujitaje ili iweje? Ukijitaja tu utafukuzwa, na mie nitarudi bandani, na Juni banda litafungwa. Tutakuwa tumepoteza wote." Mwinjuma alifuta mchanga mikononi. "Kama unajitaja, jitaje na hiyo saba."

Nafasi ilikuja baada ya siku kumi. Kutoka Nairobi alitumwa mkaguzi wa hesabu, Bwana Pringle, mzee mwembamba aliyekohoa kohoa, aje kutia sahihi mpango wa kufunga banda. Anselmo aliagizwa kuandaa vitabu, naye akamwagiza Projestus avipeleke. Usiku wa kuamkia siku hiyo Projestus alimwambia Benedicta anachotaka kufanya. Benedicta alimwuliza kodi ya nyumba ya mwezi ujao iko wapi, naye akamwonyesha. Akamwuliza na ya mwezi unaofuata. Haikuwepo. Benedicta akasema, "Basi vaa lile shati jeupe."

Katika leja ya mwisho, kwenye ukurasa wa mia mbili na tatu, Projestus aliweka karatasi moja aliyoiandika kwa mwandiko wake bora. Ilikuwa na safu mbili, mwaka juzi na mwaka jana. Kila gharama ilikuwa kwenye mstari wake, na chini ya ofisi alipiga mstari mzito wenye kumi na mbili na kumi na mbili. Mchango wa makao makuu aliuweka chini ya mstari huo, peke yake.

Bwana Pringle aligeuza kurasa za leja kwa kidole kilicholowa, akafika kwenye karatasi, akasimama. Aliisoma. Akairudia. Bwana Lattimer alikuwa dirishani anawasha kiko.

"Nani ameandika hii?"

Anselmo alifungua mdomo. Projestus alimtangulia.

"Ni mimi, bwana. Na mimi ndiye niliyempa nyapara ile namba ya thelathini na nane. Ilikuwa namba ya makosa. Hii ni ya sawa."

Meneja aligeuka. Uso wake uliiva mpaka masikioni. "Unajua maana ya unachokisema?"

"Najua, bwana."

"Mwache kwanza," Bwana Pringle alisema, na kukohoa. Aliweka kidole chini ya mstari mzito. "Kwa nini umeiweka hii chini, na vitabu vinaiweka juu?"

Projestus alihisi goti linaanza. Alilikandamiza kwa mkono. "Kwa sababu, bwana, watu wa banda hawawezi kuipunguza. Wakiharibu mikebe, namba ya juu inashuka, na ni haki waulizwe. Wakijenga Nairobi, namba ya juu haisogei. Bwana meneja aliwaambia mkono umelegea. Mkono haujalegea. Na banda likifungwa, ile saba haifi. Itahamia tawi lingine."

Bwana Pringle alimwuliza Anselmo kama namba zinatoka kwenye vitabu. Anselmo alijibu. "Zinatoka kwenye vitabu, bwana, senti kwa senti. Na mwezi wa Januari niliandika barua kuhusu jambo hili hili. Nakala ninayo." Akaenda mezani kwake, akafungua droo, akaileta.

Banda halikufungwa Juni. Hakuna aliyeitwa uani kuambiwa sababu. Barua kutoka Nairobi ilisema tu kwamba mchango wa makao makuu utagawanywa upya kwa kadiri ya mauzo ya kila tawi, na kwamba uamuzi juu ya banda la Dar es Salaam umeahirishwa. Mwinjuma aliitwa kazini wiki ya pili ya Aprili, akalipwa nusu ya siku alizokaa nyumbani. Glavu zililetwa, jozi kumi kwa watu thelathini na wawili, nao wakawa wanapokezana. Maziwa yalikuja. Shilingi mbili hazikuja.

Projestus alipewa barua yake siku ile ile ambayo Mwinjuma alirudi. Ilisema ametoa siri za kampuni na kwamba huduma yake haihitajiki baada ya mwisho wa mwezi. Bwana Lattimer alimkabidhi mwenyewe, na hakumdharau. Alisema, "Ulikuwa karani mzuri," akarudi ndani. Anselmo alimpa mkono, kisha akamwandikia barua ya sifa, na Projestus aliiona kuwa ndefu kuliko alivyostahili.

Mtoto alizaliwa Mei, msichana. Tunu ndiye aliyemshika Benedicta mkono usiku kucha, na asubuhi alimwita Projestus ndani kama vile hapakuwahi kutokea kitu. Kodi ya miezi miwili Mwinjuma hakuidai. Wala hakusema ameisamehe. Hakuizungumzia tu.

Julai Projestus alipata kazi kwa Bwana Kurji, mpika sabuni wa Keko aliyekuwa na masufuria manne makubwa na watu kumi na wanane. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Lakini hapo yeye ndiye aliyekuwa mhasibu, karani na mpokea mizigo, na Bwana Kurji, aliyekuwa amesikia habari zake kwa wenye malori, alimwambia siku ya kwanza kabisa, "Nasikia wewe unajua kusema pesa inabaki wapi."

Mwezi wa Septemba lori la kampuni lilileta kostiki, na Mwinjuma alikuwa juu yake kusimamia ushushaji. Walisalimiana, wakahesabu mikebe pamoja. Projestus alipotia sahihi hati ya mzigo aliona bei.

"Imepanda," alisema.

"Shilingi nne kwa mkebe," Mwinjuma alisema. "Tangu mwezi huu. Wametuambia ndiyo itakayolipa maziwa."

"Ndiyo itakayolipa maziwa?"

"Ndivyo walivyosema. Mie hesabu zao siziingilii tena bila wewe kuwepo." Alisema hivyo bila kucheka, lakini alimgusa bega kabla ya kupanda lori.

Mchana Bwana Kurji alileta kiti chake karibu na meza ya Projestus. Alikuwa ameshaiona hati. Alikaa akipangusa jasho shingoni.

"Kamugisha, sabuni siwezi kupandisha bei, wenzangu watanimaliza. Mwaka jana nilibakiwa na nane katika mia. Kwa kostiki hii nitabakiwa na ngapi?"

Projestus alikuwa ameshaipiga. "Tatu, bwana. Labda tatu na nusu."

"Tatu siwezi kuishi nayo. Nitazamie pa kupunguza. Wale sita wanaofunga sabuni kwenye karatasi, pengine watatu wanatosha. Nipe jibu kesho."

"Nipe siku nne, bwana."

"Nne za nini? Wewe si unajua hesabu?"

"Naijua namba," Projestus alisema. "Kazi yao bado sijaiona. Sitaki kukuambia kitu nisichokijua."

Bwana Kurji alimtazama, akainua mabega, akasema basi siku tatu, akaondoka na kiti chake.

Projestus alikaa kidogo. Goti lake lilikuwa likienda. Kupitia dirishani aliwaona wale sita chini ya kivuli cha bati, mikono inakwenda kasi, karatasi, mche, karatasi, mche. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aitwaye Auleria, alikuwa akiwasimulia wenzake jambo, na wote walikuwa wakimsikiliza bila kusimamisha mikono. Akachukua penseli na daftari tupu, akatoka, akavuta kreti, akaketi karibu nao. Simulizi ikakatika.

"Shikamoo, mama," alisema. "Endeleeni tu. Nimekuja kujifunza."

Auleria aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile penseli.